Kuzimua rangi za vijisanamu: maji matupu au midiamu?

Joho_Jekundu ameuliza:

Wakuu, salaam. Napaka vijisanamu vya milimita 28 kwa brashi. Rangi zangu ni za akriliki, nyingi Vallejo Model Color na chache Citadel, na praima (rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine) ni ya kijivu isiyong'aa. Kuzimua natumia maji ya bomba na paleti ya unyevu (kisahani chenye sponji yenye maji chini ya karatasi), basi. Koti la msingi linatoka vizuri. Yanayonisumbua ni matatu.

Kwanza, nikitaka kutia kivuli chepesi kwenye joho jekundu, naongeza maji mpaka rangi iwe ya kupitisha mwanga. Ikikauka inaacha pete: katikati pamepauka, pembeni kuna mstari mkali. Pili, nyeupe juu ya kijivu inakauka na ungaunga, ukiitazama kwa karibu unaona punje. Tatu, koti la pili likipita juu ya la kwanza, mara nyingine linalibandua na kuacha tundu linaloonyesha praima.

Ninazo chupa tatu ambazo sijazifungua: Matte Medium, Glaze Medium na dawa ya mtiririko. Wapo wanaosema maji yanatosha kwa kila kitu, wapo wanaosema maji yanaua gundi ya rangi na yasiguswe kabisa. Nitumie kipi wapi, na kwa vipimo gani?

NchaKali amejibu:

Mkuu, tuanze na kilichomo chupani, maana majibu yote yanatoka humo. Rangi ya akriliki ni chembe za rangi, gundi ya plastiki iliyotawanyika ndani ya maji kwa vitone vidogo mno, maji yenyewe, na viungo vichache vya kuipa uzito, kuondoa mng'ao na kuzuia ukungu. Maji yanapokauka, vitone vya gundi vinasogeleana, vinabanana na kuungana kuwa ngozi moja inayozishika chembe. Hapo ndipo rangi inakuwa imekamata.

Sasa tofauti yenyewe: maji yanaondoka, midiamu inabaki. Ukizimua kwa maji, kinachobaki baada ya kukauka ni kilekile cha chupani, ila kimetandazwa chembamba zaidi. Ukizimua kwa midiamu umeongeza gundi isiyo na rangi, na hiyo haiendi popote. Chembe zinakaa mbalimbali ndani ya ngozi yenye unene wa kutosha. Maji yanapunguza uzito wa rangi, midiamu inapunguza nguvu yake. Mara nyingi unataka yote mawili, na ndiyo maana swali la "kipi bora" linawazungusha watu miaka nenda miaka rudi.

Hiyo kauli kwamba maji yanaua gundi haiko sawa jinsi inavyosemwa. Uwiano wa gundi na chembe haubadiliki hata ukitia maji mara kumi, kwa sababu maji yatakauka yote. Kinachoharibika ni kitu kingine. Rangi yenye maji mengi inakuwa nyepesi kiasi cha kutembea kabla haijakauka: inateremka kwenye mikunjo, inakusanyika, na chembe nzito zinatengana na nyepesi. Inayobaki juu ya kilele cha mkunjo ni ngozi nyembamba sana, na juu ya uso usionyonya, mathalani plastiki yenyewe au praima inayong'aa, ngozi hiyo inashika kwa shida. Praima isiyong'aa inavumilia maji mengi kuliko unavyodhani.

Pete zako zinatokana na jinsi dimbwi linavyokauka. Pembeni panakauka haraka kuliko katikati, kwa hiyo maji ya katikati yanavutwa kwenda pembeni kufidia, na yanabeba chembe. Yakiisha, chembe zimejipanga mstari. Midiamu inasaidia kwa sababu ni nzito kuliko maji na inazuia chembe kusafiri. Lakini dimbwi ni dimbwi. Ukiacha tone limevimba juu ya joho, hata midiamu safi itaacha alama.

Kwa kivuli cha joho anza hivi: rangi tone 1, Glaze Medium matone 4, maji matone 3 au 4. Changanya kwenye kisahani cha kauri au plastiki, si kwenye paleti ya unyevu (nitaeleza). Chovya brashi namba 1 yenye ncha nzuri, kisha iguse pembeni mwa tishu, upande wa tumbo la brashi, mpaka isiwe na tone linaloning'inia. Watu wengi wanaruka hatua hii. Brashi inatakiwa iwe na unyevu, isiwe na mzigo. Anza mstari mahali penye mwanga, vuta kuelekea kwenye kivuli na umalizie humo, kwa sababu brashi inashusha rangi nyingi zaidi pale inaponyanyuliwa. Sehemu uliyopaka ionekane ina unyevu sawasawa, bila ukingo ulioinuka. Ukiona ukingo, ufyonze hapohapo kwa brashi nyingine safi iliyokamuliwa.

Tabaka la kwanza halitaonekana kitu. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Matabaka 4 hadi 6, kila moja likauke kabisa, na kila linalofuata liishie karibu zaidi na kivuli kuliko lililotangulia.

Kuhusu tundu: umerudi juu ya koti lililokauka nusu. Kuna kipindi ambacho juu pameshika ngozi lakini chini bado pabichi. Brashi yenye maji ikipita inaichana na kuiviringisha. Rangi inapoanza kupoteza mng'ao wake wa unyevu, ondoa mkono. Usiiguse tena mpaka sehemu yote imefifia sawasawa, halafu ongeza dakika chache. Glaze Medium inachelewesha kukauka, kwa hiyo ukiitumia subiri zaidi kuliko ulivyozoea na maji.

Tumbo_la_Brashi amejibu:

Nakubaliana na maelezo ya NchaKali, ila naona midiamu inapewa sifa ambayo nusu yake ni ya tishu. Kwa koti la msingi na matabaka ya kawaida, maji yanatosha na ni bora, kwa sababu hayaongezi chochote kwenye sanamu. Midiamu inajenga. Paka matabaka kumi ya glezi (rangi iliyozimuliwa mpaka ipitishe mwanga) yenye midiamu nyingi juu ya uso wa milimita tano, mdomo na kope zinaanza kujaa. Maji hayana gharama hiyo.

Vipimo vyangu vya maji kwa Model Color: koti la msingi, rangi 2 kwa maji 1, matabaka ya sehemu za mwanga, 1 kwa 1, glezi ya maji matupu, 1 kwa 5 hivi, na hapo brashi iwe karibu kavu. Rangi za Citadel za aina ya Base ni nzito na zinafunika sana, zinataka maji zaidi kidogo. Zile za Layer zinataka kidogo kuliko hapo. Chukulia hizi kuwa pa kuanzia, maana tone la chupa hii si sawa na tone la chupa ile, na vikopo vya Citadel havina hata mdomo wa kudondoshea.

Kipimo cha kuaminika ni ukucha wa dole gumba. Vuta mstari mmoja juu ya ukucha. Mstari ukiacha mifereji ya nywele za brashi, rangi bado nzito. Ukikimbilia pembeni kwenye nyama, ama ni nyepesi mno ama brashi imejaa. Ifute kwenye tishu uvute tena, utajua ni ipi kati ya hizo mbili. Ukitulia, ukalala sawa na ukaona rangi ya ukucha kwa mbali, nenda kwenye sanamu. Kwa glezi, chora mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe, upitishe mchanganyiko juu yake. Mstari uonekane bayana.

Maji yenyewe yanahusika pia. Ya bomba kama ni magumu yanaacha chumvi nyeupe yakikauka, na kwenye makoti meusi au woshi (rangi nyepesi ya kuteremkia mikunjoni) ya giza utaiona kama ukungu. Tumia maji yaliyokenekwa kwa kuzimua. Ya kusuuza brashi yawe yoyote. Weka vikombe viwili, kimoja cha kusuuza na kimoja cha kuchotea. Ukichota kwenye maji uliyosuuzia rangi ya metali, vimeta vyake utavikuta kwenye ngozi ya uso wiki nzima.

Joho_Jekundu ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimeelewa vizuri suala la pete. Bado sijapata jibu la nyeupe. Pia, kwa nini nisichanganye glezi kwenye paleti ya unyevu? Na dawa ya mtiririko inaingia wapi?

NchaKali amejibu:

Paleti ya unyevu inafanya kazi kwa maji yanayopanda kutoka kwenye sponji kupitia karatasi. Kwa koti la msingi hiyo ni faida, rangi inakaa saa nyingi bila kukauka. Kwa glezi ni hasara, kwa sababu umepima matone 4 kwa 4 na baada ya nusu saa hujui tena una nini. Mchanganyiko unatanuka, kingo zinakuwa nyepesi kuliko katikati, na midiamu inaogelea. Hata rangi ya kawaida ukiiweka hapo ihesabu kwamba imeshazimuliwa kidogo: weka, subiri dakika chache, pima kwenye ukucha, ndipo uongeze maji. Sponji ikiwa na dimbwi juu ya karatasi, mimina maji ya ziada.

Dawa ya mtiririko si midiamu. Haina gundi. Kazi yake ni kupunguza mvutano wa uso wa maji ili rangi isijikunje kuwa matone, itandae na kuingia kwenye mifereji. Inafaa kwenye woshi, kwenye mistari myembamba, na mahali ambapo rangi inakataa kushika. (Ikikataa kushika sehemu moja tu ya sanamu, shuku mafuta ya vidole au masalia ya dawa inayopakwa kwenye kalibu ya plastiki, osha kwa maji na sabuni kabla ya praima, dawa haitatibu hilo.) Kwa joho lako isingesaidia, ingezidi kuipeleka rangi kwenye mikunjo.

Soma lebo kabla hujadondosha. Zipo zilizo tayari, na zipo kali ambazo lazima zizimuliwe kwanza. Liquitex Flow-Aid kwa mfano ni kali: sehemu 1 kwa maji sehemu 20, na hayo maji ndiyo unayozimulia. Ukiitia moja kwa moja kwenye rangi, koti linabaki na unato, na ukipitisha rangi mbichi juu yake linaamka.

Kijivu_Baridi amejibu:

Naomba nijibu la nyeupe, maana linakatisha tamaa watu bila sababu.

Nyeupe karibu zote ni titani dioksidi. Inafunika kwa sababu inapinda mwanga kwa nguvu sana kuliko gundi iliyoizunguka, na ni nzito, kwa hiyo chupani inazama chini. Ukidondosha bila kutikisa vya kutosha, matone ya kwanza yana maji na gundi, ya mwisho yana tope. Tikisa dakika nzima, na kama chupa haina gololi ya chuma cha pua tia moja, hata mbili. Usitumie gololi ya chuma kinachoshika kutu.

Ungaunga unakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni rangi nzito iliyopakwa mara moja ili ifunike; inaanza kukauka kwenye brashi, unaburuta vipande vilivyokwisha kushika, na hizo ndizo punje unazoziona. Ya pili ni maji mengi: chembe zinatua kabla gundi haijaungana, zinarundikana, na kati yake kunabaki nafasi zenye hewa zinazotawanya mwanga ovyo. Nyeusi ikipata hali hiyo inaonekana kijivu kidogo tu, ukungu hafifu. Nyeupe inaonekana chaki.

Kwa hiyo nyeupe ndiyo rangi ninayoitilia midiamu tangu koti la kwanza. Rangi matone 3, Glaze Medium 1, maji 1 au 2. Glaze Medium kwa sababu inanyoosha muda wa kufanya kazi, brashi haikauki haraka. Matte Medium ingefaa kwa gundi yake, lakini ina unga wa kuondoa mng'ao, na nyeupe haihitaji unga mwingine. Makoti matatu membamba, vuta upande mmoja, usirudirudi. Na usianze na nyeupe safi: funika kwanza kwa kijivu chepesi kabisa au rangi ya pembe za ndovu, nyeupe yenyewe ibaki ya matabaka ya mwisho. Kutoka kijivu cha praima kwenda nyeupe moja kwa moja ni mlima usio wa lazima.

Njano na nyekundu angavu nazo zina tabia ya kufunika vibaya, lakini sababu ni nyingine: chembe zake nyingi zinapitisha mwanga. Kuzitilia midiamu kwenye koti la msingi kunazidisha tatizo. Hapo maji kidogo, na chini yake weka waridi au rangi ya ngozi.

Tumbo_la_Brashi amejibu:

Hapo kwenye Matte Medium niongeze kitu. Huo unga kwa kawaida ni silika, na unatua chini. Chupa isiyotikiswa inakupa midiamu yenye mng'ao mwanzoni na maziwa meupe mwishoni. Ukiona glezi nyeusi imekauka na utando mweupe mikunjoni, mara nyingi ni silika iliyokusanyika pale rangi ilipotuama. Tikisa, na usiache ituame.

Rangi za metali zikae mbali na Matte Medium kabisa. Mng'ao wake unatoka kwenye vipande bapa vinavyolala upande wa kuakisi juu. Unga wa kuondoa mng'ao unaua hilo. Maji mengi nayo yanavitenganisha vipande na gundi, unapata visiwa vya vimeta na madoa matupu. Glaze Medium kidogo, au midiamu ya metali kama unayo, na maji tone moja kwa wakati.

Na Contrast za Citadel zisizimuliwe kwa maji. Zimetengenezwa zishikamane na kuteremka kwa mwendo maalumu. Maji yanauvuruga, zinaacha pete mbaya kuliko za joho lako. Contrast Medium ipo kwa kazi hiyo, 1 kwa 1 inapunguza nguvu bila kubadilisha tabia. Lahmian Medium ya haohao Citadel ni nyepesi karibu na maji, hiyo ni ya glezi na woshi za kawaida.

Joho_Jekundu ameandika:

Hili la unga sikulijua kabisa. La mwisho wakuu: nataka kuanza kutumia brashi ya hewa (kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa) kwa makoti ya msingi. Naweza kuzimua kwa maji au Glaze Medium humo? Na nimeona mtu anatumia spiriti, anasema inakausha haraka.

Kijivu_Baridi amejibu:

Spiriti usitie kwenye Vallejo. Inagandisha gundi, unapata mabonge ya utelezi ndani ya pua ya brashi na utaifungua yote kuisafisha. Wanaotumia spiriti wana rangi za Tamiya, ambazo ni akriliki za aina nyingine na zinakubali alkoholi. Tamiya wanayo X-20A kwa ajili hiyo. Tina ya rangi za mafuta nayo haihusiki na akriliki hata kidogo.

Glaze Medium kwenye brashi ya hewa haifai, ni nzito. Maji matupu yanapita, lakini juu ya praima yanajikunja kuwa vitone kabla hayajakauka, na rangi inakauka kwenye ncha ya sindano. Nunua dawa ya kuzimulia ya brashi ya hewa ya kampuni ileile ya rangi yako. Ndani yake gundi, kilainishi na kicheleweshi vimeshapimwa. Kwa Model Color na sindano ya milimita 0.3, anza 1 kwa 1, shinikizo la hewa psi 15 hadi 20. Uzito uwe wa maziwa: ukiipandisha kwenye ukuta wa kikombe iteremke ikiacha utando mwembamba, si alama nene. Tia dawa kwanza kikombeni, rangi baadaye, uchanganye kwa brashi kuukuu. Ukitanguliza rangi, tone zito linakwenda moja kwa moja kwenye pua. Model Air imeshazimuliwa, jaribu bila kitu kwanza.

Rangi ikitawanya miguu ya buibui juu ya sanamu, ni nyepesi mno au uko karibu mno: punguza shinikizo au sogea nyuma kabla hujagusa mchanganyiko. Ikitua na punje kavu, ni nzito au uko mbali, inakauka hewani. Ikikatika na kurudi kwa kishindo, ncha imeshika rangi. Ifute kwa brashi laini yenye dawa, na dawa ya mtiririko iliyo tayari (si ile kali) tone 1 au 2 kwa matone 10 ya rangi itapunguza hilo. Vaa barakoa ya chujio. Rangi haina harufu kali lakini chembe zinaelea.

NchaKali amejibu:

Nyongeza moja kwa kazi ya brashi ya mkono. Kupima matone kila mara kunachosha, na watu wakichoka wanarudi kwenye maji. Tengeneza chupa moja ya mililita 20: Glaze Medium 10, maji yaliyokenekwa 10, gololi mbili, na lebo yenye tarehe. Usitie dawa ya mtiririko humo, iongeze kwenye kisahani siku unayoihitaji. Usifanye chupa kubwa, maana maji uliyoongeza yamezimua pia kinga ya ukungu iliyokuwemo kwenye midiamu. Ikianza kunuka au kuwa na nyuzi, mwaga yote na usihamishie gololi kwenye chupa mpya kabla ya kuziosha. Mchanganyiko huo matone 8 kwa rangi tone 1 ndiyo glezi ya joho niliyokuandikia pale juu.